Mkereza Kalamu na Kidole cha Rabson

Mwaka 1998, pale Nchelenge, mtu mwenye kalamu ya Nkulu mfukoni hakulazimika kuandika neno. Ilitosha ionekane. Ilikuwa nene, nzito, ya rangi ya asali, na ndani yake, kama mdudu aliyenaswa, lilionekana ganda la mbegu ya mti wa mulombwa pamoja na miiba yake. Wachungaji waliitaka. Walimu wakuu waliitaka. Wajumbe wa kamati ya soko waliitaka kuliko wote, na kadiri mjumbe alivyokuwa na machache ya kutia sahihi, ndivyo alivyoomba yake iwe nene zaidi.

Nkulu mwenyewe aliandika kwa biki ya kawaida ya plastiki, iliyotafunwa mwishoni.

Kwao ni Likasi, ng'ambo, Kongo. Alikereza vyuma katika karakana ya mgodi kwa miaka kumi na tisa, mpaka mshahara ukawa kitu cha kuhadithiwa. Ndipo yeye na mkewe Agnès wakavuka ziwa Mweru kufuata biashara ya samaki. Agnès aliiweza. Nkulu hakuiweza. Alikuwa akimshika samaki huku na huku, akimgeuza kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia kazi, kisha anamrudisha kwenye beseni. “Samaki hana katikati,” alimwambia mkewe. “Kitu bila katikati, mi siwezi.”

Katikati aliipata alipojiundia mashine ya kukereza: miguu ya cherehani iliyokufa, mkanda wa ngozi, na ekseli ya baiskeli. Rezini, yale mafuta mazito ya kuzibia mashua za fiber, aliachiwa nusu pipa na fundi wa mashua aliyehamia Lusaka, pamoja na chupa ya dawa ya kuigandisha. Maganda ya mulombwa yalikuwa bure. Yanaanguka yenyewe, na mbuzi hawayataki.

Kazi ilikuwa hivi. Ganda linakaushwa. Linalazwa katika kihori cha mbao kilichopakwa nta ya mshumaa. Rezini inachanganywa na matone ya dawa, inamwagwa juu, inaachwa. Ikishaganda, kipande kinatolewa, kinakatwa pande nne, kinatobolewa katikati, kinafungwa kwenye mashine, na patasi inakikereza mpaka pembe zote ziishe, kiwe duara. Mwisho unaingizwa mrija wa wino uliotolewa kwenye biki.

Mwanzoni alikausha maganda juu ya uchanja wa Agnès wa kubanikia samaki wa makobo, kwa kuwa moto ulikuwepo tayari na yeye hakuwa mtu wa kupoteza moto. Mafuta ya samaki yakaingia kwenye maganda, na rezini haikushika. Kalamu ya mchungaji mmoja ilipasuka mikononi mwake madhabahuni, ikatoa harufu ya makobo wa kubanika katikati ya maombi ya kufunga. Waumini walisema ni majaribu. Nkulu akahamishia maganda juu ya bati.

Huyo ndiye Nkulu: mtu wa maneno machache, mkali kwa watu wanaogusa vitu, na mwenye imani moja kubwa kuliko zile za kanisani, kwamba kazi iliyoagizwa lazima imalizike. Imani hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye jambo ninalosimulia.

Mwezi wa pili, uvuvi ukiwa bado umefungwa na serikali na wavuvi wote wakizurura wakishika visivyowahusu, alikuja Rabson. Rabson alikuwa mvuvi, na pia katibu wa gati dogo la hapo. Alikuwa ameagiza kalamu kwa ajili ya ukatibu wake, na kipande chake kilikuwa kihorini, kimeanza kuganda lakini bado laini kama ugali uliopoa. Nkulu aligeuka kuchukua msumeno. Alipogeuka tena, dole gumba la Rabson lilikuwa limezama ndani ya rezini.

“Rabson! Ondosha mukono!”

“Awe, hapana, ba Nkulu, nilikuwa napima tu kama imekauka.”

“Na ukifika kwa bibi wa mutu, vilevile unapima?”

Rabson alicheka hadi akakaa chini. Kwenye rezini alama ya dole ilibaki wazi, kama ile wanayoichukua ofisini kwa wasiojua kuandika. “Ona sasa,” alisema. “Kalamu haijazaliwa na mimi nimeshaweka sahihi.”

“Itatoka na maranda ya kwanza,” Nkulu akasema. “Nenda zako. Ukigusa tena nitakereza kidole yenyewe.”

Rabson akaenda nyumbani akamwambia mkewe, Mwila, kwamba ameacha kidole chake kwa Mkongomani. Wakacheka wote wawili.

Uvuvi ulifunguliwa tarehe mosi mwezi wa tatu. Siku ya nne upepo uliikamata mashua ya Rabson upande wa kisiwa cha Kilwa. Wenzake wawili walishikilia ubao wakaokotwa na watu wa Mununga. Rabson hakuokotwa. Walimtafuta siku kumi na mbili, kisha wakaacha kumtafuta bila mtu kutamka kwamba wameacha.

Sasa, katika ukoo wa Rabson mwenye kauli ni mjomba, ndugu wa mama, na mjomba alikuwa mzee Chishimba. Naye Chishimba alikuwa na sheria: mtu aliyepotelea majini hazikwi hivihivi. Lazima kipatikane kitu cha mwili wake, japo ukucha, japo unywele. Kisipopatikana, hajafa, amechelewa. Na mke wa aliyechelewa hubaki na kitambaa cheusi kichwani, havuki ziwa, hafanyi biashara, anangoja.

Usimcheke upesi mzee huyo. Mwaka 1971 waliwahi kuzika shati la mpwa wake mwingine. Wakalia, wakala, wakagawana vyombo. Miezi minane baadaye mpwa akashuka kwenye lori kutoka Kongo, mzima, amenenepa, na mke mpya pembeni. Alilikuta kaburi lake limepandwa mihogo. Chishimba alimlipia mbuzi wa kumtoa kaburini, na akaapa hatazika nguo tena.

Basi wakatafuta unywele. Lakini Rabson alikuwa akijinyoa kichwa kwa wembe, ufukweni, kila Jumamosi. Ziwa lilishachukua nywele zote kabla ya kumchukua mwenyewe. Wakatafuta kucha. Nani anaweka kucha?

Mwila alikuwa na watoto watatu na biashara moja: kununua samaki wakavu Kilwa na kuuza sokoni Kashikishi. Kilwa hakufikiki ila kwa mashua. Mwezi wa nne ukapita. Wa tano ukapita nusu. Watoto walikula kwa majirani, na majirani walianza kupika wakiwa wamefunga mlango. Ndipo siku moja, barazani pa Chishimba, mbele ya wanaukoo, Mwila akamwambia mjomba:

“Yama, iko kidole yake.”

“Kidole ya nani?”

“Ya Rabson. Iko kwa ba Nkulu, Mukongo wa kalamu. Aliiacha mule mu rezini. Aliniambia yeye mwenyewe.”

Chishimba alikuwa amefanya kazi Kongo ujanani, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Alifikiri kwa muda mrefu sana. Watu wakafikiri naye.

“Mistari ya kidole,” akasema mwishoni, “hata serikali inakubali. Hakuna batu babili benye mistari moja. Ulete. Siku ya posho tunazika.”

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi; siku ya posho ni Jumamosi.

Saa nne hiyohiyo, Nkulu alikuwa ameketi kwenye mashine yake, nusu kilomita kutoka pale, akimaliza kalamu ya Rabson.

Hakuwa na habari ya kikao. Alichojua ni kwamba kipande cha marehemu kilikuwa rafuni tangu mwezi wa pili, na kila alipokiangalia aliona aibu. Mtu ameagiza, mtu amekufa, na kazi haijaisha. Kwa Nkulu hilo lilikuwa deni baya kuliko la chakula. Akakikata, akakitoboa, akakifunga, akaanza kukanyaga. Maranda ya kwanza yaliruka vipande vipande, kama kawaida ya pembe, na dole la Rabson likaruka pamoja nayo. Baada ya hapo rezini ikaanza kutoka kwa utepe mrefu mweupe usiokatika. Alikereza vizuri siku ile. Aling'arisha kwa kitambaa na majivu mpaka miiba ya mulombwa ikaonekana kama jua dogo. Akavaa shati safi. Akaenda kwa mjane.

Wakakutana njiani, yeye akienda kwake, Mwila akija kwake.

“Mama,” Nkulu akasema, akaitoa kalamu kwa mikono miwili. “Bwana yako aliiomba. Nimeimaliza. Hapana kulipa kitu.”

Mwila aliipokea kwa kupiga goti, kama inavyotakiwa. Akaigeuza. Akaigeuza tena, polepole, pande zote.

“Ni muzuri sana, ba Nkulu. Na kile kipande chenye kidole yake? Ulikikata, ukakiweka?”

Nkulu alikuwa bado anatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayesubiri kusifiwa mara ya pili.

“Mama, kile njo hiki.”

Mwila hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alikaa chini njiani, palepale penye vumbi, kalamu mapajani, akamweleza yote: mjomba, unywele, kitambaa, Kilwa, siku ya posho. Alieleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayehesabu samaki. Nkulu alisikiliza akiwa amesimama, halafu akakaa naye chini, shati safi na vyote.

“Maranda,” akasema ghafla. “Maranda yako kwangu!”

Walifika wakamkuta Agnès anapuliza mbabula, jiko lake la makaa. Agnès alikuwa mwanamke wa kutumia vitu. Maranda ya rezini yanawaka haraka kuliko karatasi.

“Agnès! Yale maranda!”

“Niko napikia na nini, unafikiri? Upendo yako?” Kisha akamwona Mwila nyuma yake, na uso wa Mwila, akaliacha neno lililofuata. Akakamata mbabula kwa mikono mitupu, akaipindua chini. Makaa yakatawanyika. Nusu ya maranda ilikuwa donge jeusi linalonuka. Nusu nyingine ilikuwa bado kwenye gunia la unga.

Wakatandika shuka uani, wakamwaga. Siku mbili walikaa pale, tangu jua linapotoka hadi linapofifia, wakichambua. Nkulu aliwafundisha: utepe mrefu ni wa katikati, tupa, kinachotafutwa ni vipande vifupi, vya kwanza, vyenye upande mmoja wenye ukungu, usiong'aa, kwa kuwa ule upande ndio ulikuwa juu kihorini. Agnès aliweka mawe madogo kwenye pembe za shuka. Kila mtu aliyepita njiani alisimama, akauliza wanatafuta nini, akajibiwa, akaenda bila kuaga. Mchungaji yule wa makobo naye alipita. Alivua kofia.

Alhamisi walipata vipande thelathini na vinne vyenye ukungu. Havikuwa na kitu. Ijumaa, karibu saa nane mchana, Mwila akainua kimoja juu, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo.

“Ba Nkulu.”

Nkulu akakichukua, akakitega kwenye mwanga. Juu yake kulikuwa na mistari myembamba sana, saba au minane, iliyopinda pamoja kama matuta ya shamba la mlimani.

“Ni yeye?” Mwila akauliza.

Nkulu aliingia ndani kutafuta miwani. Agnès akamfuata.

“Ni yeye, ao si yeye?”

“Sijui.” Alikuwa anaongea chini chini. “Patasi haikuwa na makali muzuri asubuhi ile. Patasi butu inatetemeka, na ikitetemeka inaandika mistari. Mistari kama ile ile. Nimeiona mara elfu.”

“Donki, kumbe ni patasi.”

“Inaweza kuwa patasi. Inaweza kuwa Rabson. Mungu njo anajua.”

“Basi mwachie Mungu ajue,” Agnès akasema, “na weye ufunge kinywa. Miaka kumi na tisa ulikereza vyuma, hakuna mutu alikuuliza kitu. Hautaanza leo kuwa profeta.”

Nkulu akavaa miwani, akatoka, akamwambia Mwila akiweke kwenye kitambaa safi.

Jumamosi watu walijaa kwa Chishimba. Watu wengi wa gati walikuja, na wale wawili waliookolewa, na baadhi waliokuja kuangalia tu jinsi kidole kinavyozikwa. Kaburi lilikuwa limechimbwa tangu alfajiri. Vijana walikuwa wamependekeza shimo dogo, la busara. Chishimba alikataa. Alisema mpwa wake alikuwa mtu mrefu. Wakachimba futi sita kwenda chini na futi sita na nusu kwa urefu, kwa ajili ya kitu kinachoweza kupotea katika kiganja, na hakuna aliyecheka, hata wale ambao huwa wanacheka.

Chishimba alifungua kitambaa juu ya goti lake. Aliangalia. Macho yake hayakuona kitu. Yalikuwa macho ya miaka themanini. Akakipitisha kwa wazee wenzake, ambao nao hawakuona kitu na wakatikisa vichwa kwa uzito mkubwa. Kitambaa kikarudi. Ndipo mzee akainua uso.

“Mukereza iko wapi?”

Nkulu akasimama.

“Weye njo ulitengeneza ile rezini. Ulimuona anatia kidole?”

“Nilimuona, tata.”

“Mi nilizika shati mara moja. Mbele ya batu na mbele ya Mungu, sitaki kuzika mutu muzima tena. Weye ni fundi. Unajua kazi ya mukono yako. Ile kitu hapa, ni Rabson?”

Nkulu alikuwa mtu ambaye karakana nzima ya Likasi ilimwita kupima. Wakibishana kama shimo ni milimita ishirini au ishirini na robo, walimwita yeye, na alichosema kiliandikwa. Hakuwahi kusema kipimo ambacho hakukipima. Wahandisi walimchukia kwa hilo. Mara moja alikataa kupitisha ekseli ya bosi mwenyewe kwa ajili ya unene wa unywele.

Alimwangalia Mwila. Mwila hakumwangalia. Alikuwa anaangalia watoto wake, waliokuwa wameketi kwa mstari, mdogo amelala begani kwa wa kati.

“Ni Rabson,” Nkulu akasema.

“Una hakika?”

“Nimeipima, tata. Ni yeye.”

Chishimba akafumba macho. Kisha mama mmoja nyuma akaanza kulia, ule mlio mrefu uliokuwa umezuiwa tangu mwezi wa tatu, na wengine wakaupokea. Walimzika. Udongo wa futi sita ulirudishwa wote. Jioni ile wanawake walimpeleka Mwila ufukweni, wakamvua kitambaa cheusi, wakamwosha, akarudi na kichwa wazi kikiwa bado na maji.

Wiki iliyofuata Nkulu hakukereza. Agnès alimkuta mara mbili akiwa amekaa mbele ya mashine, mguu juu ya kanyagio, haukanyagi. Jumapili hakwenda kupokea meza ya Bwana; alisema tumbo. Agnès, ambaye alijua tumbo lile, alipeleka la kwake mezani, akarudi akapika.

Jumatatu asubuhi alikwenda gatini kumsaidia Agnès kubeba mabeseni. Mwila alikuwa pale, kitenge kimefungwa juu, magunia matupu matano kwapani, akisubiri mashua ya Kilwa. Waliamkiana. Nkulu akataka kupita, kisha akashindwa kupita.

“Mama,” alisema, “iko neno. Siku ile ya mazishi. Mi nilisema kitu ambacho…”

“Ba Nkulu.” Alimkatiza kwa upole, huku akiangalia mashua. “Mwaka tulipooana, ndoana iliingia mu kile kidole yake kikubwa, gumba. Ikapasuka, hapa mpaka hapa. Nilimushona mimi mwenyewe, na uzi ya wavu. Ile kovu ilikata mistari yake yote. Miaka kumi na moja nililala na kile kidole.”

Nkulu alilishika beseni kichwani kwa mikono miwili.

“Kile kipande, mistari yake ilikuwa muzima,” Mwila akasema. “Nilijua tangu Ijumaa, wakati nilikiinua.”

“Na ukaniuliza mimi kama ni yeye.”

“Nilikuuliza. Nilitaka kuona kama uko mutu wa kusema kweli.” Akayapanga magunia yake upya kwapani. “Ukaingia mu nyumba, ukakawia. Nikajua uko mutu wa kusema kweli. Nikaogopa sana mpaka siku ya posho.”

Nahodha aliita. Watu walianza kuingia majini hadi magotini, wakipandisha mizigo. Mwila alivua kandambili akazitia ndani ya gunia.

“Sasa katika lile shimo kuna nini?” Nkulu akauliza.

“Kuna kazi yako,” Mwila akasema. “Yeye aliipenda.”

Akaingia majini. Mwanamke mmoja ndani ya mashua alimpa mkono, akapanda, akakaa juu ya magunia yake upande wa mbele, ambako upepo unapiga. Injini ilikataa mara tatu, ikakubali. Nkulu alibaki pale na beseni la mkewe kichwani, maji yakimfikia viatuni, mpaka Agnès alipomwita kwa mara ya pili.